Herufi Mia Moja

Niwieni radhi wasomaji wangu, nimepotea kidogo. Kazi za watu zilinibana. Leo siandiki kuhusu simu mpya wala lugha mpya ya programu. Nataka kuungama kosa langu la mwaka 2020, maana juzi nimelikuta katika tarakilishi yangu kuukuu.

Mnakumbuka mambo yalivyokwenda. Machi 13 mgonjwa wa kwanza wa Korona akatangazwa Kenya, Machi 15 serikali ikatangaza kufungwa kwa shule na vyuo. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya sayansi ya tarakilishi, Nairobi. Nikafunga virago nikarudi nyumbani Mariakani, kaunti ya Kilifi. Aprili tukazuiwa kutoka Kilifi, Kwale na Mombasa, nikawa sina pa kwenda.

Kikundi kimoja cha afya pale mtaani kilikuwa kimewakusanya wasichana kumi wa miaka 15 hadi 17. Kila mmoja alipewa nyumba ishirini za kuzungukia: kuna maji na sabuni mlangoni? Kuna anayekohoa? Kwenye karatasi waliitwa "viongozi vijana". Mimi nikaombwa niandike programu ya kupokea taarifa zao kwa ujumbe mfupi, maana simu zao zilikuwa kabambe za kuazima kwa mama zao.

Siku tatu nikamaliza. Maswali matano ya ndiyo na hapana, na mwisho sehemu ya "mengineyo". Sehemu hiyo niliipa herufi 100. Sikufikiri sana. Niliiona pambo tu.

Wiki ya nne grafu zangu zilipendeza. Sabuni imepanda, maji yamepanda. Wakubwa wa kikundi wakapiga makofi. Jioni ile binamu yangu wa kidato cha pili, aliyekuwa na nyumba za upande wa reli, akaniuliza, "Kaka, yale mengine tunayokuandikia, huwa unayasoma?"

Nikafungua hifadhidata. Safu ile sikuwa nimeitazama hata mara moja. Ilijaa. Na kila sentensi ndefu ilikuwa imekatwa kwenye herufi ya mia, kimya kimya, bila onyo. Mmoja ulisema hivi:

"msichana wa nyumba ya 12 hatoki nje siku hizi, nyanya yake anasema kuna wageni walikuja na mahari wa"

Ulikuwa umekaa siku kumi na tisa. Kesho yake tulikwenda na mama mmoja mhudumu wa afya wa jamii. Tulimkuta nyanya peke yake.

Binamu yangu hakunigombeza. Alisema tu, "Sisi tulijua tumeshasema."

Nikataka kuziongeza herufi ziwe 500. Akatikisa kichwa. "Kaka, maswali umeyatunga wewe. Tupe sisi tuyatunge."

Basi wote kumi wakaketi chini ya mwembe wetu, mimi na tarakilishi yangu pembeni kama karani. Wakafuta maswali mawili. Wakaongeza bei ya mtungi wa maji, kwa sababu sabuni bila maji ni pambo. Wakaongeza sodo. Sheria ya mwaka 2017 inaitaka serikali iwape sodo bure wasichana wa shule za umma, lakini sodo hizo hugawiwa shuleni. Ukifunga shule umefunga na ghala. Mimi na wakubwa wa kikundi hatukuwa tumeliwaza hilo.

Kisha wakaweka masharti. Majina hayaandikwi. Ujumbe wa msichana aliye hatarini usingoje grafu yangu, uende papo hapo kwenye simu ya yule mama mhudumu. Na habari za kupeleka kwa chifu watazipeleka wao wenyewe.

Walizipeleka. Katoni za sodo zikapatikana kabla ya Agosti. Nyumba moja karibu na soko, mhudumu na chifu waliwahi kabla mahari hayajapokelewa. Yule wa nyumba ya 12 hakurudi. Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, dawati lake lilikuwa tupu.

Sisi waandishi wa programu tunaijua tofauti ya mtumiaji na msimamizi. Mtumiaji anajaza fomu, msimamizi anaweza kuibadilisha. Wasichana wale tuliwaita viongozi, kisha tukawapa akaunti za watumiaji. Walianza kuongoza siku walipoligusa swali lenyewe, na wao ndio walioingia katika nyumba zile.

Binamu yangu sasa anasomea uuguzi. Mwezi jana alinitumia fomu ya zahanati anakofanya mazoezi, akitaka niirekebishe. Kabla sijafungua faili nilimuuliza wagonjwa wameionaje. Akacheka. "Umejifunza, kaka."

Haya, kazi inaniita. Tuonane wiki ijayo, inshallah.