Aliyeshindwa Mara Moja



Wapendwa katika Kristo, mwezi Mei 2024 tulikuwa wageni wa padre mwenzetu anayefanya utume katika jimbo la Alabama, nchini Marekani. Jumatano moja mwenyeji wetu alitupeleka katika mji wa Hoover, jirani na Birmingham, ambao tangu 1998 umekuwa mwenyeji wa mashindano ya kumpata bingwa wa besiboli wa umoja wa vyuo vikuu vya kusini-mashariki mwa nchi hiyo, unaojulikana kwa kifupi kama SEC.

Mchezo wenyewe tuliuelewa kidogo kidogo. Mrushaji hurusha mpira mdogo, mgumu. Mpigaji huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo vitatu mpaka arudi pale alipoanzia, mahali ambapo wenyewe wanapaita nyumbani. Anayefika nyumbani salama huipatia timu yake pointi. Jambo hilo peke yake lingetosha kuwa tafakari, lakini Mwenyezi Mungu alikuwa ametuandalia jingine.

Siku hiyo Chuo Kikuu cha Tennessee, kilichoingia mashindanoni kikiwa cha kwanza katika orodha ya timu 12, kilifungwa vibaya na majirani zao wa Vanderbilt. Mashabiki waliovaa rangi ya chungwa walitoka uwanjani wameinamisha vichwa. Nasi tukawahurumia, tukamwuliza mwenyeji wetu, "Maskini, kumbe wanarudi kwao leo hii?" Akacheka, akajibu, "Hapana, Padre. Kesho wanacheza tena."

Ndipo alipotueleza utaratibu wa mtoano wa mara mbili. Katika sehemu kubwa ya mashindano yale, timu iliyoshindwa mara moja haikufukuzwa. Ilihamishiwa upande wa walioshindwa, na huko ilipaswa kushinda kila mchezo, bila kupumzika, huku aliyeshinda akipata nafasi ya kupumzisha warushaji wake. Kushindwa kwake hakukufutwa; kulibaki kumeandikwa. Lakini mlango haukufungwa. Ni timu iliyoshindwa mara ya pili tu ndiyo iliyofunga mizigo yake.

Tennessee walirudi uwanjani Alhamisi, wakashinda. Ijumaa wakashinda tena. Jumamosi, katika nusu fainali, wakakutana na walewale Vanderbilt waliowaaibisha, wakawashinda. Na Dominika ya Utatu Mtakatifu, tarehe 26 Mei, sisi tukiwa tumekwisha kuadhimisha Misa na kuketi mbele ya televisheni ya mwenyeji wetu, waliwafunga LSU 4 kwa 3 wakatwaa ubingwa. Mwezi uliofuata, kule Omaha, walipoteza mchezo wa kwanza wa fainali ya taifa dhidi ya Texas A&M, kisha wakashinda miwili iliyofuata na kuwa mabingwa wa nchi kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Mwaka 2025, baada ya vyuo vya Texas na Oklahoma kujiunga na umoja huo na timu kufikia 16, utaratibu ulibadilishwa kule Hoover: anayeshindwa mara moja anaondoka. Hatuwalaumu, kwa maana michezo ina ratiba zake. Lakini tulipoisikia habari hiyo, dhamiri yetu ilitusuta, kwa kuwa utaratibu huo tulikuwa tumekwisha kuutumia sisi wenyewe, si uwanjani, bali parokiani.

Miaka kadhaa iliyopita, mwalimu wa kwaya wa kigango chetu kimoja alitumia fedha za sare za wanakwaya kumtibu mtoto wake. Alikosa, na hakuficha, alisema angezirudisha. Sisi, kwa hasira tuliyoiita bidii kwa ajili ya nyumba ya Mungu, tulimwondoa siku ileile, na tukatangaza mbele ya waamini wote baada ya Misa. Ndani ya miezi miwili alirudisha fedha yote, hadi shilingi ya mwisho. Hatukumwita. Akawa anaketi kiti cha nyuma, karibu na mlango. Baadaye hata kiti hicho kikawa kitupu. Tulikiona kila Dominika, wala hatukuuliza.

Wapendwa, tukumbuke habari ya Yohane Marko katika Matendo ya Mitume. Aliwaacha wenzake kule Pamfilia, akarudi Yerusalemu. Paulo alipoanza safari nyingine, alikataa katakata kumchukua, hata akatengana na Barnaba kwa sababu hiyo. Barnaba ndiye aliyemchukua yule kijana na kumpa nafasi ya pili. Miaka ikapita, na Paulo akiwa kifungoni aliandika kwa Timotheo akiomba aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa katika huduma. Nalo Mapokeo ya Kanisa yanatuambia kuwa Marko huyo ndiye Mwinjili. Sisi tulikuwa na Marko wetu, lakini katika parokia nzima hakupatikana Barnaba.

Tuliporejea kutoka Marekani tulikwenda nyumbani kwake, jioni, bila kutanguliza taarifa. Tulimwomba radhi mbele ya mkewe na watoto. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Baba Paroko, kwaya imekwisha kupata mwalimu, na ni kijana mzuri. Lakini kama mna upungufu wa sauti ya nne, mimi nitakuja." Leo anaimba safu ya nyuma, chini ya kijana aliyemfundisha yeye mwenyewe kusoma nota. Haya tunayaandika kwa ruhusa yake. Miaka ile aliyokaa nje hatuwezi kumrudishia.

Tusidanganyane kwamba nafasi hizo hazina mwisho. Hata katika mashindano yale, ilipofika nusu fainali, aliyeshindwa hakuwa na siku nyingine. Mauti yangeweza kumkuta mwalimu wetu, au kutukuta sisi, kabla ya jioni ile, nasi tungebaki na maneno mazuri ya kusema mazishini tu.

Wiki hii, kila mmoja wetu atazame katika jumuiya yake ndogondogo, na hasa katika familia yake, ni kiti kipi kimebaki kitupu, na ni nani aliyekifanya kiwe kitupu. Kisha aende. Asisubiri yule mwingine aje kwanza. Aliyefungiwa mlango hawezi kuufungua kutoka nje.

Mtakatifu Barnaba, utuombee.

Wenu katika Kristo,
Paroko