Matanuri Ng'ambo ya Handaki

Mchota maji alifika njia panda na, bila hata kupunguza mwendo, akakata kushoto. Nikajua nimekwisha. Kushoto kuna matanuri ya vyungu na hakuna nyumba hata moja. Nyumba zote ziko kulia, na ndoo zao zimekauka. Muda si mrefu familia ya kwanza ikafunga mizigo na kushika barabara ya kuondoka mjini.

Hapo ni Banpo, kituo cha mwanzo katika Emperor: Rise of the Middle Kingdom, mchezo wa kompyuta wa kujenga miji uliotoka mwaka 2002. Watu wa Impressions Games walikuwa wameshatupeleka Roma kwa Caesar III na Misri kwa Pharaoh. Safari hii, wakishirikiana na BreakAway Games, wakatutua China, kuanzia enzi ya Xia mpaka enzi za Song na Jin. Vita vimo, lakini kazi kubwa ni kutazama. Unachora barabara, unagawa viwanja, halafu unakaa kando uone wenyeji wanavyokuumbua.

Siri ya mchezo ni miguu. Hakuna kinachomfikia mtu nyumbani kwake ila kimeletwa na mtu anayepita mlangoni: maji na mchota maji, vyungu na mchuuzi wa sokoni, dawa na mganga wa mitishamba. Mkaguzi asipopita, nyumba huungua. Na wote hao wakifika njia panda hujiendea watakako. Unaweza kuweka kizuizi barabarani kiwageuze, lakini hilo utalijua baada ya kuhamwa mara tatu.

Cha pili nilichofundishwa ni kutenga. Machimbo ya udongo na matanuri hupelekwa mbali, maana hakuna anayetaka kukaa kwenye moshi. Mtaa uliopakana nayo haupandi daraja, na kibanda kitabaki kibanda hata ukilishe vipi. Ipo na feng shui: jengo likikaa mahali pasipolifaa, hesabu ya maelewano ya mji hushuka. Nilitumia wiki nzima nikihamisha tanuri moja. Mke wangu aliuliza kama ninalipwa.

Ndiyo maana nilipopata safari ya Xi'an, wenzangu wakapanda basi kwenda kuwaona askari wa udongo wa Qin Shi Huang, mimi nikashika treni ya chini ya ardhi, Njia ya 1, nikateremka kituo kinachoitwa Banpo. Kuliona jina lile kwenye kibao cha kituo kulinichekesha kitoto, kama mtu aliyekuta Abunuwasi ana sanduku la posta.

Banpo ya kweli iligunduliwa mwaka 1953, wakati wa ujenzi. Ikachimbuliwa kati ya 1954 na 1957, na makumbusho yake yakafunguliwa 1958. Ni kijiji cha zaidi ya miaka 6,000. Mchezo, kwa kukiweka chini ya Xia, umekivuta mbele miaka elfu mbili na ushei. Kosa hilo nilishalisamehe.

Ukumbi mkubwa umejengwa juu ya machimbo yenyewe. Unatembea kwenye njia iliyoinuliwa, na chini yako kuna udongo mkavu wa manjano uliojaa mashimo. Mashimo madogo yaliyojipanga ni palipokuwa nguzo za nyumba. Mapana zaidi yalikuwa ghala za nafaka. Katikati yamebaki mabaki ya jengo moja kubwa kuliko yote, na makazi yamezungukwa na handaki lenye kina cha mita tano hadi sita. Mama mmoja na binti yake walipita mbio, wakapiga picha moja, wakaenda zao. Siwalaumu, kwa asiyewahi kupanga kijiji, mashimo ni mashimo.

Mimi nilikuwa natafuta matanuri. Nikayakuta yameoneshwa upande wa mashariki, ng'ambo ya handaki. Nikacheka peke yangu. Watu wale hawakuwa na ramani ya rangi, kama ile ya mchezo, ya kuwaambia mtaa upi umeshuka thamani. Walikuwa na moshi machoni na paa zinazoshika moto, basi. Watu wazima waliokufa nao walizikwa nje ya handaki, upande wa kaskazini.

Kisha nikafika kwenye mitungi.

Mitungi imezikwa ndani ya makazi, kando ya nyumba, na kila mmoja umefunikwa kwa chombo kingine. Ni makaburi ya watoto. Bakuli la Banpo lenye uso wa mtu na samaki, ambalo China nzima inalijua na ambalo lenyewe liko Beijing, nilikuwa nimeliona pichani mara nyingi nikidhani ni la kulia chakula. Lilikuwa kifuniko. Baadhi ya vifuniko vimetobolewa tundu dogo kitakoni, na wanaakiolojia hudhani ni njia ya roho ya mtoto kutoka na kurudi. Moshi ulitengwa, watu wazima waliokufa wakatengwa, mtoto akabakizwa pale pale, hatua chache kutoka jikoni.

Katika miaka yangu yote ya kucheza sijawahi kuona mtoto akikimbia katika barabara za mchezo ule. Idadi ya watu hupanda kwa wahamiaji wanaoingia na mizigo, hushuka wakichoka na kuondoka. Kaburi utakaloagizwa kujenga ni la mtawala, na hilo litakukausha ghala.

Nje kulikuwa na baridi kavu. Kwenye lango la maghorofa ya jirani bibi mmoja alikuwa anachoma viazi vitamu kwenye pipa, moshi ukipanda moja kwa moja kwenye madirisha ya ghorofa ya kwanza. Watu walikuwa wamepanga foleni. Nikanunua kimoja, kikaniunguza vidole.

Usiku, hotelini, nikafungua kompyuta nikaanza Banpo upya. Visima kwanza, kisha nyumba, kisha matanuri, mbali, mashariki. Kati ya nyumba ya tatu na ya nne nikaacha mraba mmoja wa nyasi. Mchezo haukuuliza ni wa nini. Mchota maji akatoka kisimani, akaupita ule mraba, akafika njia panda, akakata kulia.