Pazia la Kamera

Wahenga walinena kwamba macho hayana pazia. Kamera inalo, na kijana mmoja wa Nakuru aliyatambua hayo usiku mmoja wa mwaka 2022, alipopanda milima ya Mau kupiga picha gari la moshi la abiria.

Safari za abiria kati ya Nairobi na Kisumu zilikuwa zimerejeshwa Desemba 2021, baada ya kusitishwa kwa miaka kadhaa. Gari liliondoka Nairobi jioni, hivyo likapita Njoro, Elburgon na Molo watu wamelala. Kijana alitamani picha ya mabehewa yakijipinda msituni kwenye ukungu. Alikuwa pia na deni moyoni. Marehemu babu yake alitumikia reli hiyo hadi akastaafu, akikagua mataruma kati ya Molo na Londiani. Nyumbani haikuwamo picha yake hata moja akiwa kazini. Ilikuwamo kalenda kuukuu yenye picha ya gari la moshi.

Upungufu huo haukuwa wa nyumba hiyo pekee. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa hadi ziwani, kuanzia 1896 hadi 1901, William D. Young alipiga picha nyingi za kazi hiyo. Wafanyakazi zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao wakafariki. Picha zimesalia, wengi wanaoonekana humo hawajulikani kwa majina.

Usiku wa manane, baridi ikimkata vidole, kijana alisikia honi. Aliliacha pazia wazi kwa sekunde kadhaa ili nuru iingie. Gari likapita. Picha haikunasa msitu wala mabehewa, ila michirizi ya taa za madirisha.

Akarudi stesheni akiwa amevunjika moyo. Hapo alimkuta mfanyakazi wa reli, kurunzi mkononi.

"Mzee, habari ya usiku? Niruhusu nikupige picha."

"Mbona mimi? Ungepiga gari."

Hata hivyo alisimama wima, akatulia. Kijana alimwuliza jina, akaliandika katika daftari lake.

Wiki iliyofuata, nyanya yake aliishika picha ile kwa muda mrefu.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Kijana alimtajia jina. Nyanya akaitikia kwa kichwa, kisha akaiondoa ile kalenda ukutani.