Uso Wangu na Joto la Kyela

Makwale, kwetu Kyela, ni nchi ya joto na maji. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi tu juu ya usawa wa bahari, Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki, na mvua za Machi hadi Mei huacha unyevu unaokaa mpaka tunapovuna mpunga. Aliyezaliwa Kyela hashangai kuloa jasho kabla hata chai ya asubuhi haijaisha. Kwa hiyo uso wangu ulipoanza kuwaka, mwaka 2009, hakuna aliyeona ajabu. Nilikuwa nimevuka miaka thelathini, nimemwachisha ziwa mtoto wangu wa pili, na nilikuwa nashinda shambani au jikoni kama wanawake wote.

Lakini hili halikuwa joto la kawaida. Lilianza mashavuni, likapanda puani, likashika paji la uso na kidevu, na ngozi ikawasha kama niliyepakwa pilipili. Liliweza kudumu saa nzima wakati wenzangu wamekwisha kupoa. Mtu wa mbali hakuona kitu. Aliyekaa karibu aliona mashavu yameiva, yameingia weusi wenye wekundu ndani yake, yanang'aa, na juu yake vipele vidogo vigumu. Jioni macho nayo yalikereketa, nikawa nayafikicha nikidhani ni moshi wa kuni.

Kila mtu alikuwa na jina lake. Dada yangu mkubwa alisema ni chunusi za ukubwani. Jirani alisema ni usubi, na hakusema ovyo, maana usubi tunaujua. Nzi weusi wanaoueneza wanazaliana kwenye mito yetu inayoshuka kwa kasi kutoka Rungwe, na wagawa dawa wa kijiji walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakitupima urefu kwa fimbo ili kujua kila mtu ameze vidonge vingapi vya aivamektini. Wengine walisema ni pombe, ingawa mimi kinywaji changu ni cha sherehe tu. Na wapo waliosema kwa sauti ya chini kwamba najichubua.

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Tanzania ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi chini ya sheria ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 2003, lakini mkorogo haukuisha masokoni, na macho ya watu yamezoea dalili zake: mashavu mekundu, ngozi laini kupita kiasi, vifundo vya vidole vyeusi kuliko mkono. Nilikuwa nikikaa kwenye benchi la kanisani naona mwanamke wa pembeni anateremsha macho kutoka usoni kwangu hadi kwenye vidole vyangu. Vidole vilikuwa na rangi moja na mkono mzima. Hakusema neno, nami sikuwa na la kumwambia, kwa sababu sikuwa na jina la kile kilichonisumbua.

Baadaye nilipewa krimu. Ilikuwa kwenye duka la dawa mjini, na aliyeniuzia alinitazama kutoka ng'ambo ya kaunta, kwenye mwanga hafifu, akasema, "Dada, paka hii asubuhi na jioni, itakauka." Ilikuwa tyubu nyeupe yenye klobetasoli. Ikafanya kazi. Katika siku chache mashavu yalitulia, vipele vikalala, mume wangu akafurahi. Tyubu ikiisha nikanunua nyingine.

Sasa naweza kueleza kilichokuwa kinatokea. Klobetasoli ni steroidi, tena katika zile kali kabisa. Inatuliza uvimbe na kubana mishipa midogo ya damu iliyo juu juu, kwa hiyo uso unaonekana umepona. Ikiendelea kupakwa kwa miezi, ngozi ya uso hukonda na mishipa huizoea. Ukiacha, mishipa hufunguka kwa nguvu na moto unarudi mkubwa kuliko ule wa mwanzo, kwa hiyo mkono unarudi kwenye tyubu. Mashavuni kwangu ziliota nywele laini ambazo sikuwa nazo. Ngozi ilikuwa nyembamba hivi kwamba maji ya kunawa yaliuma. Krimu hizo hizo zina sura mbili nchini mwetu: dukani ni dawa, sokoni ni kipodozi. Tangu 2019 dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) na vipodozi chini ya Shirika la Viwango (TBS), lakini mnunuzi wa kijijini anashika tyubu ile ile mkononi.

Mambo yaligeuka Mbeya, zaidi ya kilomita mia moja kutoka kwetu, mwaka 2014. Nilimpata daktari aliyesomea magonjwa ya ngozi Moshi, kwenye kituo cha kanda kilichofunguliwa katika hospitali ya KCMC mwaka 1992, ambako wametoka wataalamu wengi wa ngozi wa nchi yetu na nchi za jirani. Nataka kueleza alivyonitazama. Alisogeza kiti changu hadi dirishani. Aliweka mgongo wa mkono wake shavuni kwangu, kisha shingoni, akalinganisha joto. Alibonyeza ngozi kwa kipande cha kioo na kutazama rangi ikiondoka na kurudi. Alivuta kope zangu chini, akatazama kingo zake, akaniuliza kama macho huhisi mchanga. Alitazama mikunjo miwili inayotoka puani hadi pembe za mdomo, akaniuliza habari za viungo na homa, akaagiza damu ipimwe, kwa kuwa upo ugonjwa mwingine mkubwa, lupasi, unaokaa mashavuni vivyo hivyo, lakini mara nyingi huiruka ile mikunjo. Mwisho akauliza, "Mama, ukinywa chai ya moto inakuwaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu chai. Nikamweleza chai, jua, jiko, tangawizi, hasira. Akasema, "Hii ni rosasia, na juu yake kuna madhara ya krimu." Akanieleza kwamba vitabu vingi vya ngozi vimejaa picha za nyuso za Wazungu, ambazo rosasia huzifanya nyekundu waziwazi, ndiyo maana wengi wameamini ni ugonjwa wao peke yao. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, na daktari asiyegusa, asiyeuliza, hauoni.

Kisha akaniandikia dawa, na hapo ndipo nilipostaajabu. Metronidazoli ya kupaka: dawa ile ile ambayo Makwale tunaimeza kwa amiba. Vidonge vya doksisaiklini kwa wiki kadhaa, dawa ambayo kila zahanati inaijua, ila asipewe mjamzito. Na akanitajia krimu ya aivamektini kwa rosasia, ambayo Marekani waliidhinisha mwaka huo huo. Aivamektini, dawa ya fimbo ya kupimia! William Campbell na Satoshi Ōmura walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015 kwa kazi iliyoileta dawa hiyo, kwa ajili ya watu wa mito kama yetu. Daktari alinionya kwamba vidonge vya usubi si tiba ya uso, na ile ya mifugo isiguse ngozi ya mtu kamwe. Lakini nilirudi Kyela nikiwa na wazo ambalo halijaniacha: hatukupungukiwa na dawa. Tulipungukiwa na mtu wa kuutazama uso mweusi akauona.

Kuacha krimu ndiko kulikokuwa kugumu. Daktari alisema uso utachafuka kabla ya kutulia, ukachafuka kweli. Ulivimba, ukatoa vipele vya usaha, nikawa natoka na khanga imenifunika hadi chini ya macho. Mume wangu alikuwa akiloweka kitambaa kwenye maji ya mtungi na kuniletea jioni, bila kuulizwa. Msimu ule mvua zilikuwa zimeanza na kuisha kabla ngozi haijaacha kudai tyubu.

Baada ya hapo kilichobadilika ni nyumba yetu. Tulihamisha mafiga kutoka ndani ya jiko la matete lisilo na upenyo, tukajenga jiko la udongo lenye bomba la moshi, na wali nauinjika nikiwa nimesimama pembeni, siinamii mvuke. Kakao tuliyoianika naigeuza asubuhi na mapema na tena jua likishapungua. Katikati ya mchana anayegeuza ni mwingine. Chai naisubiri ipoe. Pilipili nimeiondoa kwenye sahani ya samaki, na mbasa kwa limau na chumvi hajapoteza utamu wake. Habari za jua nilifundishwa na familia ya jirani yenye mtoto mwenye ualbino. Wao walikwisha kujua kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua kama Kilisun, yaliyoanza kutengenezwa huko huko KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mimi nilinunua ya dukani, na nikaiga mengine yote.

Jambo lililohitaji busara zaidi lilikuwa kimpumu. Kwetu pombe hiyo ya ulezi humiminiwa maji ya moto na kunyonywa kwa mrija, watu wamekaa pamoja, na mgeni kuukataa mrija wa wakubwa si jambo dogo. Kwa uso wangu ni joto, mvuke na kilevi kwa wakati mmoja. Nilikwenda kwa mama mkwe kabla ya sherehe, nikapiga magoti, nikamweleza ugonjwa kwa jina lake na kila kinachouamsha. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mwanangu, mbona hukuniambia kwamba ni maradhi?" Siku ya sherehe yeye ndiye aliyenikabidhi kikombe cha togwa iliyopoa mbele ya wanawake wote, akasema huyu ni mgonjwa wa uso, anywe hiki. Neno lake lilimaliza minong'ono ya mkorogo kuliko maelezo yangu yangeweza kufanya.

Tangu hapo wamenijia wanawake, mmoja mmoja, jioni. Wengine wana chunusi za kweli, wengine mzio wa sabuni, na wapo wachache ambao nikiwawekea mgongo wa mkono shavuni nahisi joto ninalolijua. Siwapi dawa. Nawauliza kuhusu chai, jiko, jua na macho, nawauliza wanapaka nini, na nawaambia waonane na mtaalamu wa ngozi, wasiikatize krimu ya muda mrefu bila kumwona. Wauzaji wa dawa nao nawaomba jambo moja: mtu akija na uso unaowaka, mtazameni penye mwanga, muulizeni, na msimpe steroidi ya usoni kwa kubahatisha.

Rosasia haina tiba ya kuimaliza. Bado zipo siku za Oktoba, kabla ya mvua, ambapo mashavu yanaamka hata kama nimefanya kila kitu sawasawa. Lakini ina matunzo, na matunzo hayo yamo ndani ya uwezo wa nyumba ya mkulima wa mpunga: kivuli, jiko lisilofuka, kikombe kilichopoa, dawa ambazo wengi tunazijua kwa majina, na watu wa nyumbani wanaojua kwa nini. Gharama kubwa ilikuwa miaka niliyozunguka kabla ya kufika kwa anayejua kutazama. Miaka hiyo nataka binti zetu wa Makwale wasiilipe, na wataepuka kuilipa siku ambayo mhudumu wa zahanati ya hapa hapa atafundishwa ugonjwa huu kwa picha za nyuso kama zetu.