Maharage Mabichi ya Mama



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu, leo tunaomba ruhusa tuache masomo ya fiqhi tuzungumze habari za jikoni. Wanaotujua watacheka, kwani sisi ni katika wale waliozoea kukaribishwa mezani tu.

Mwezi Machi 2020 mama yetu mzazi aliugua huko Bwera, na mama watoto akaenda kumuuguza. Hazikupita siku nyingi usafiri wa abiria ukapigwa marufuku nchi nzima kwa sababu ya korona. Yeye akabaki Bwera, sisi Kasese na watoto wanne. Kwa gari ni mwendo wa saa moja na kidogo, lakini siku zile palikuwa mbali kama Makka. Ramadhani ikatukuta hivyo mwishoni mwa Aprili.

Siku za mwanzo tulifuturu kwa uji na mihogo. Kisha jirani mwenye shamba mlimani akatuletea kapu la maharage mabichi, yale ya maganda ya kijani ambayo mbegu zimeshaanza kujaa ndani. Tukafurahi. Makaa yalikuwa haba, tukayaweka kwenye sigiri kwa moto mdogo tangu baada ya adhuhuri, tukatia nyanya, vitunguu na chumvi vyote kwa pamoja, tukaenda kusoma. Magharibi yalikuwa magumu kidogo. Tukala hivyo hivyo kwa njaa ya saumu.

Usiku mtoto wetu mdogo, wa miaka sita, alitapika mpaka akawa hana kitu tumboni. Na magari hayatembei. Tulikaa naye hadi daku tukimnywesha maji kwa kijiko na kumwomba Mwenyezi Mungu. Alhamdulillah, kulipopambazuka akalala.

Asubuhi tukampigia mama. Alikuwa bado dhaifu, sauti ndogo, lakini swali lake lilikuwa kali: "Mwanangu, uliyachemsha au uliyapasha moto?"

Hatukuwa na jibu. Maharage yasiyoiva yana sumu ya asili, na moto mdogo peke yake hauiondoi. Lazima kwanza yatokote kwelikweli. Sisi tulimpikia mtoto sumu kwa uvivu, tena kwa Bismillahi.

Kwa miaka mingi tumewasomesha wanafunzi kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, kama alivyoeleza Bi Aisha (r.a.). Tukalisomesha jambo hilo vizuri sana, na chumvi ya nyumbani kwetu hatukujua inawekwa wapi.

Basi mama akatufundisha kwa simu, siku tatu, kila siku kipande kidogo kwa sababu alikuwa akichoka. Kata ncha mbili, vuta ule uzi wa pembeni, maana ukiuacha utakwama kooni. Osha, tia maji mengi, moto mkali, yatokote nusu saa nzima. Mwaga maji hayo, tia mengine ya moto. Hapo ndipo unapunguza makaa na kufunika kwa jani la mgomba, uyaache polepole saa mbili, ukiongeza maji ya moto yakipungua. Yakishalainika kaanga vitunguu kwa mawese yanayotoka Kongo, utie humo pamoja na karanga zilizotwangwa zilizokorogwa kwa maji. Koroga, karanga hushika chini upesi. Nyanya na chumvi mwisho kabisa.

"Kwa nini nyanya mwisho?" tuliuliza, kwa tabia ya ualimu.

"Uchachu unayafanya yagome kuiva. Usibishane na mama yako."

Tulipika tena, tukala na bundu la muhogo. Mtoto alionja ncha ya ulimi, akatutazama usoni, kisha akaomba bakuli. Tukaongeza mchuzi, jirani naye akapata lake.

Wilaya yetu, kwa kuwa iko mpakani, ilichelewa kufunguliwa usafiri kuliko nyingine. Ulipofunguliwa tulikwenda Bwera na watoto wote, na sufuria ya maharage imefungwa kwa kitambaa mapajani. Mama alikuwa amekaa barazani, amekonda. Akaonja mara ya kwanza, akaonja mara ya pili, akanyamaza.

"Chumvi kidogo," akasema, na akaendelea kula.