Kipindi Kinacholiwa na Inveta

Wenzangu wa ualimu, tukirudi kutoka field wengi wetu tunaandika sentensi ileile kwenye ripoti: "Shule haina umeme, hivyo kompyuta hazitumiki." Mimi nataka kubishana na hiyo "hivyo".

Nilifundisha shule ya kata moja huko milimani Upare, wilaya ya Same. Nguzo za umeme ziliishia njia panda. Kabatini kulikuwa na laptopu sita za msaada, za zamani kweli, za miaka ya 2004 hadi 2008. Mbili zilishakufa. Nne zilikuwa nzima, ila betri zake hazishiki chaji. Ofisi ya walimu ilikuwa na paneli ya sola ya wati 100 na betri ya volti 12, ampea-saa 50, kwa ajili ya taa na simu.

Kidato cha pili walikuwa wanakariri kwamba kibodi ni kifaa cha kuingizia data. Wengi wao hawajawahi kuigusa. Hilo liliniuma.

Njia tuliyoizoea ni inveta. Inapandisha volti 12 za betri hadi 230, halafu chaja ya laptopu inazishusha tena hadi 16, 19 au 20. Kila hatua umeme unapotea kama joto. Fundi mmoja wa sola pale Same mjini alicheka nilipomweleza. "Mwalimu, hiyo ni sawa na mtu anataka kwenda Mwanga halafu anapanda basi la Tanga!" Akanionyesha chaja ya laptopu ya kwenye gari, ambayo inatoka volti 12 moja kwa moja hadi volti inayotakiwa.

Tupige hesabu. Betri ile ina wati-saa 600, lakini betri ya asidi haifai kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo tuna 300. Laptopu moja inataka kama wati 25. Ukipitia inveta na chaja yake, betri inatoa kama wati 35. Kwa chaja ya gari, kama 28. Washa zote nne: inveta inakupa dakika 128, chaja za gari dakika 160. Kipindi ni dakika 40. Kwa hiyo ni vipindi vitatu au vinne. Kipindi kimoja kizima kinaliwa na inveta!

Wazo hili si geni. Zile kompyuta ndogo za XO zilizogawiwa Rwanda kuanzia 2008, zaidi ya 200,000, zilitengenezwa zikubali betri ya volti 12 moja kwa moja.

Mkuu wa shule alihofia taa za prepo. Hofu yake ilikuwa ya haki, maana watoto wa kidato cha nne wanasoma usiku. Tukakubaliana vipindi vya kompyuta viwe asubuhi, ili jua la mchana lirudishe kilichotumika. Kule chini Same jua halina shida. Huku juu, mwezi wa saba, ukungu unaweza kukaa mpaka saa nane. Siku hizo nilipunguza mwanga wa skrini na kuwasha laptopu mbili tu, watoto wanne kwa kila moja.

Ukitaka kujaribu, soma volti iliyoandikwa nyuma ya laptopu kwanza, maana hazilingani. Hakikisha chanya na hasi havijageuzwa. Weka fyuzi karibu na betri, na waya uwe mnene na mfupi. Laptopu isiyo na betri nzima inazima waya ukitikisika tu, kwa hiyo wafundishe watoto kuhifadhi kazi kila baada ya mistari miwili. Wangu walijifunza haraka, baada ya kelele kadhaa za "Ticha, imezima!"

Wiki ya mwisho kila mwanafunzi wa kidato cha pili alikuwa ameandika barua ya kuomba kazi kwa vidole vyake mwenyewe. Tulibaki na makosa ya tahajia ya kusahihisha, kama darasa lingine lolote.

Kwa hiyo wewe unayesubiri kupangiwa kituo: kabla hujaandika ile "hivyo", omba ufunguo wa kabati, geuza laptopu, usome namba zilizoko nyuma.