Roboti ya kufagia: ya bei ndogo ao ya bei kubwa?



Mwezi wa nane, yaya yangu anayeishi Liège, kule Ubelgiji, alinitumia ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, acha kununua mafagio. Ninakutumia mashine inayofagia yenyewe." Nilicheka, na bwana yangu akacheka. Mama mkwe wangu, ambaye tunakaa naye hapa Lubumbashi, hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Na wewe utakuwa unafanya nini?"

Tangu mashine ile ifike, kila Jumamosi kwenye mkutano wetu mnaniuliza. Ni kweli inafagia? Ni bei gani? Ndugu yangu wa Ulaya akiniuliza nataka gani, nimwambie nini? Nimeitumia karibu miezi mitatu, na ile ya yaya nimeiona mara nyingi kwa video ya telefoni. Basi nitawaeleza nilichoona, pamoja na jambo moja ambalo lilinipa haya.

Kwanza, ni kitu gani? Si uchawi, na si kitu cha jana. Kampuni ya Marekani iitwayo iRobot ilianza kuuza roboti yake ya kufagia, Roomba, mwaka wa 2002. Leo kampuni nyingi zinatengeneza za namna hiyo, hasa za China. Ni mashine ya mviringo, pana kama sinia, na kimo chake kinaingia chini ya kitanda. Chini yake kuna magurudumu, brashi inayozunguka, na brashi ndogo ya pembeni inayosogeza uchafu katikati. Injini inavuta vumbi na kulitia katika kisanduku. Inatumia batri, na batri ikikaribia kwisha mashine inarudi yenyewe mahali pa kuchajia.

Ya yaya ilimgharimu euro 900. Yangu aliilipa euro 140. Tofauti ya pesa hiyo iko wapi?

Iko kwanza katika macho. Ile ya yaya ina kitu kama kifuniko cha chupa juu ya mgongo. Ndani yake mwanga wa leza unazunguka na kupima umbali mpaka kwenye kuta. Hivyo mashine inachora ramani ya nyumba nzima, na yaya anaiona ramani hiyo kwenye telefoni yake. Anaweza kuiambia, "Fagia jikoni tu," ao, "Usiingie chumba cha mtoto." Inapita mistari iliyonyooka, kama mtu anayelima matuta. Ikimaliza inarudi kwenye kituo chake, na kituo kinavuta uchafu wote na kuutia katika mfuko. Yaya anakaa wiki kadhaa bila kugusa vumbi. Yeye anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunza wazee. Asubuhi anarudi amechoka na kukuta sakafu safi. Kwake, ninaamini, zile euro 900 zina maana.

Yangu haina ramani. Inakwenda mbele mpaka igonge kiti, inageuka, inakwenda tena mpaka igonge ukuta. Siku ya kwanza mama mkwe aliitazama muda mrefu, kisha akasema: "Hii inatembea kama mtu aliyetoka kunywa lutuku." Ni kweli. Inapita mahali pamoja mara tatu na kuacha kona moja bila kuifikia. Lakini nikiiacha saa moja na nusu, sebule inakuwa safi. Nilipofungua kisanduku, nilishangaa kuona vumbi jekundu lote lile, katika nyumba iliyokuwa imefagiwa asubuhi ileile. Mnajua mwezi wa tisa hapa kwetu, kabla ya mvua: unapangusa meza, unageuka, na tayari unaweza kuandika jina lako juu yake.

Jambo ambalo sikulitazamia ni hili: katika mji wetu, ile ya bei ndogo ina faida zake. Haihitaji intaneti, kwa sababu inaongozwa na telekomandi ao kitufe kilicho mgongoni mwake. Inachaji kwa chini ya wati 30, kwa hiyo hata sola yetu ndogo inaiweza. Umeme ukikatika, inangoja tu mpaka urudi. Lakini ile ya yaya, kituo chake kinapaswa kukaa katika prizi siku zote, na wakati wa kuvuta uchafu kinameza mamia ya wati kwa sekunde chache. Sola ndogo itazimika palepale. Ramani na maagizo ya telefoni yanataka intaneti ndani ya nyumba. Na ile mifuko ya uchafu, sijaiona katika duka lolote la hapa mjini. Kila mara ungengoja msafiri.

Kuna pia mambo ambayo mashine ya bei yoyote haiyapendi:

Meshi. Tunasukana nyumbani, na uzi mmoja wa meshi ukibaki chini, unajizungusha kwenye brashi mpaka mashine inasimama na kulia. Nimekata meshi kwa mkasi kutoka kwenye brashi ile zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu. Nyingine za bei kubwa zina brashi ya mpira ambayo haishiki nywele sana, lakini hizo pia zinahitaji kuangaliwa.

Rangi nyeusi. Chini ya mashine kuna macho madogo yanayotazama sakafu ili isianguke kwenye ngazi. Yakikutana na kitu cheusi sana, yanafikiri ni shimo. Balatumu yetu ina miraba nyeusi na myeupe. Mashine ilifika kwenye mraba mweusi, ikarudi nyuma, ikajaribu upande mwingine, ikarudi tena. Chumba hicho tunakifagia kwa mkono mpaka leo.

Maji. Mashine ya kuvuta vumbi ikivuta maji inaweza kuharibika kabisa. Mtoto akimwaga uji, panguseni kwanza.

Vizingiti. Zilizo nyingi zinapanda sentimita moja na nusu ao mbili, si zaidi. Kizingiti cha jikoni mwangu kinaishinda.

Vumbi lenyewe. Lile letu ni laini sana na linaziba filtre upesi. Inabidi kuikung'uta nje kila siku. Ikiwa ni ya kuoshwa, iache ikauke siku nzima kabla ya kuirudisha.

Umeme unaopanda na kushuka. Usiichomeke moja kwa moja katika prizi. Pitishia kwenye stabilizateri, kama unavyofanya kwa friji.

Na lupango. Hakuna roboti ya nyumba inayofagia lupango. Majani ya mwembe yanatungoja palepale.

Sasa nifike kwenye lile jambo la haya.

Ninafundisha katika shule ya msingi. Binti yangu, ambaye ni mkubwa wa wasichana wangu, anasoma mwaka wa sita kwenye shule hiyohiyo. Mimi ninatoka nyumbani mapema kuandaa masomo, naye anafuata. Kengele inapigwa saa moja na nusu. Kwa miaka mingi nilikuwa na adhabu moja kwa wanaochelewa: watafagia kalasi wakati wa kutoka. Niliona ni adhabu ya upole. Simpigi mtoto, ninampa fagio.

Juma la tatu la mwezi wa tisa, zamu ya mlango ilikuwa yangu. Nilisimama na daftari kuandika majina ya wachelewaji. Karibu wote walikuwa wasichana. Na nyuma ya mstari, akiwa ameinamisha kichwa, alikuwa binti yangu.

Nikamuuliza mbele ya wengine, kama ninavyomuuliza kila mtoto: "Kwa nini umechelewa?"

Akasema polepole: "Mwalimu, ni roboti."

Watoto walicheka sana. Mimi nilikasirika, nikafikiri anatafuta kisingizio. Nilimwandika, na saa ya kutoka alifagia kalasi pamoja na wenzake.

Jioni nilikaa naye jikoni, karibu na mbabula, akaniambia yote. Zamani alikuwa anafagia nyumba kwa dakika ishirini. Tangu roboti ifike, anapaswa kupandisha viti juu ya meza, kuokota viatu, kukunja mikeka, kuondoa nyaya za kuchajia telefoni ili zisimezwe. Kisha anaifuatafuata kwa sababu inakwama chini ya kabati. Kisha anatoa meshi kwenye brashi, anakung'uta filtre, anarudisha viti. Baada ya hapo kuna lupango, na vyombo vya usiku. "Lakini mama," akasema, "wewe unawaambia wageni kwamba sasa sifagii tena."

Ni kweli, nilikuwa ninasema hivyo. Nilisema hata kwenu, kwenye mkutano.

Na kaka yake wa miaka kumi na minne? Alikuwa amelala mpaka chai iwe tayari. Hakuchelewa hata siku moja mwezi ule.

Wamama, nilisoma saikolojia ya mtoto kwenye Taasisi ya Ualimu, na mtihani nilishinda. Lakini sikuwa nimejiuliza kwa nini orodha yangu ya wachelewaji inajaa majina ya wasichana. Mtoto anafagia nyumbani, kwa sababu hiyo anachelewa, na kwa kuwa amechelewa ninampa fagio lingine. Nilikumbuka majina mengi usiku ule. Wengine wao hawasomi tena.

Niliongea na bwana yangu. Tulibadilisha mambo matatu. Roboti haifanyi kazi asubuhi tena. Inawashwa saa kumi jioni, watu wakiwa wamerudi. Mwenye kuitunza ni kijana wetu: brashi, filtre, meshi, viti, vyote ni juu yake. Na lupango la asubuhi ni kwa zamu: binti, kijana, na baba yao.

Mama mkwe hakufurahi. "Mjukuu wangu mwanaume, na fagio mkononi? Majirani watasema nini?" Bwana yangu hakubishana naye. Asubuhi iliyofuata alichukua fagio mwenyewe akaanza kufagia, majirani wakipita barabarani. Mama yake alimtazama kutoka mlangoni mpaka alipomaliza. Kisha akamwambia: "Umeacha majani kule chini ya mwembe." Tangu siku ile hajalisema tena.

Shuleni, katika kalasi yangu, kufagia si adhabu tena. Ni zamu, wavulana na wasichana, kila mtu na siku yake. Mtoto akichelewa, ninamuuliza kwanza aliamka saa ngapi na alifanya kazi gani. Mara mbili tayari nimekwenda kuongea na mzazi, na mara zote mbili mzazi alikuwa mtu mwema ambaye hakuwa amefikiri, kama mimi.

Sasa nijibu swali lenu. Ndugu yako akikuuliza unataka roboti gani, tazama nyumba yako kwanza. Ikiwa una sakafu ya vigae, umeme usiokatika sana, intaneti, na mtu wa kukuletea mifuko na filtre kila mwaka, ile ya bei kubwa itakupumzisha kweli. Kama una chumba kimoja ao viwili vya simenti laini, umeme wa kubahatisha, na mgongo unaouma baada ya kuzaa ao baada ya kupasuliwa, ile ya bei ndogo inatosha. Omba yenye telekomandi, na uombe pia brashi na filtre za akiba zije katika sanduku lilelile, kwa sababu hapa utazitafuta bila kuzipata. Na kama sakafu yako ni ya udongo ao ina mashimo, usiombe yoyote. Pesa hiyo ina kazi nyingine.

Lakini kabla ya hayo yote, uliza swali la mama mkwe wangu, na uliulize kwa kila mtu wa nyumba: mashine ikifagia, wewe utakuwa unafanya nini? Mkijibu pamoja, hata fagio la soko la Kenya litawatosha kwa sasa.

Juzi yaya aliniambia kwamba akinunua mpya atanitumia ile yake ya euro 900. Nilimshukuru, nikamwomba filtre sita za hii niliyo nayo.

Juma lililopita zamu ya mlango ilikuwa yangu tena. Binti yangu alipita kabla ya kengele, na daftari lake la hesabu mkononi. Watoto sita walibaki nje, wanne kati yao wasichana. Nilifunga daftari langu la majina, nikaanza kuwauliza mmoja mmoja.

Jumamosi nitaileta mashine kwenye mkutano ili muione inavyogongagonga. Mwenye stabilizateri ndogo aje nayo.